Suruali ya Antena

"Kifungo hiki nani kakishona?"

Nyuma ya pazia, Pini aliacha kutafuna mkate.

Sauti ilikuwa ya baba yake, na ilitokea upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umebana pini. Ndivyo alivyo Fundi akipima mtu: pini midomoni, utepe shingoni, chaki nyuma ya sikio. Wateja wamemzoea. Wanaelewa kila anachosema, na anachotaka wasielewe huinong'oneza cherehani yake.

"Kipi, Fundi?"

Hii ya pili ndiyo iliyomfanya Pini ashike ukuta. Ilikuwa sauti ya Antena, na Antena alikuwa ameapa kwamba katika maisha yake hatakanyaga duka lile.

"Hiki cha mkono wa shati. Vingine vyote vimetoka kiwandani. Hiki kina mtu wake."

"Alinishonea dada."

"Dada yako?"

"Hapana. Dada wa watu tu."

"Watu gani?"

Antena akatazama dari. Pini alimwona kupitia upenyo wa pazia, amesimama juu ya kigoda cha kupimia, mrefu kama alivyo, kichwa kinakaribia kugusa taa, miguu ya suruali imemwishia juu ya vifundo. Fundi alikuwa amepiga goti mbele yake, lakini hakuwa anatazama suruali. Alikuwa ameushika ule mkono na kugeuza kifungo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Watu wa shule," Antena akasema mwishowe.

"Aha," akasema Fundi. "Basi njoo keshokutwa."

Sasa ngoja nikueleze kwa nini binti wa watu alishindwa kumeza mkate.

Pini si jina lake la cheti, ni jina alilopewa na baba yake. Alijifunzia kutambaa kwenye sakafu ya duka lile, katikati ya vipande vya nguo, na kila pini iliyoanguka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona. Duka liko chumba cha mbele, nyumba iko nyuma, na katikati kuna pazia tu. Cherehani ya Fundi imetazama dirishani, na dirisha limetazama barabara mpaka kwenye kona. Binti akitoka, baba anamwona mpaka anapokata kona. Akirudi, baba anamwona tangu anapoikata. Katikati ya hapo Fundi hushona, lakini ukimtazama vizuri utaona mguu unakanyaga cherehani na shingo iko nje.

Na usidhani aliishia dirishani. Mwaka uliopita Pini aliaga kwamba anakwenda maktaba kujisomea na wenzake. Ilikuwa kweli tupu. Hawajafungua hata kitabu, Fundi huyo kaingia, utepe shingoni, akampita binti yake kama hamjui, akaenda kupima mapazia. Alipima dirisha moja, la pili, la tatu, huku jicho likihesabu wavulana waliokaa meza ile. Mkutubi akamfuata kumuuliza ametumwa na nani. Fundi akababaika, akasema amejitolea. Ikabidi ashone mapazia ya maktaba nzima, na mpaka leo yananing'inia pale, mazuri kweli, na Pini hajawahi kuyatazama bila kuona haya.

Kwa baba wa namna hiyo, unampelekaje Antena?

Pini na Antena walisoma darasa moja. Jina alilipata alipolala mfupi akaamka mrefu, na pia kwa sababu ndiye aliyekuwa akishughulikia vipaza sauti vya shule. Siku moja alikuwa akinyanyua spika, mkono wa shati ukanasa, kifungo kikaruka. Pini hutembea na sindano na uzi mkobani kama wengine wanavyotembea na kalamu. Akamwambia anyooshe mkono juu ya dawati. Akaazima njiti ya kiberiti ya maabara, akaipitisha chini ya kifungo ili kikae juu kidogo, akashona kuzunguka matundu manne pasipo kukatisha katikati, kisha akachomoa njiti na kuzungusha uzi shingoni mwa kifungo mpaka kikasimama imara.

Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Antena hakulalamika. Kama unataka kujua mapenzi yao yalianzia wapi, yalianzia hapo, mkono juu ya dawati, darasa zima likitazama na hakuna aliyeona kitu.

Sasa ile njia ya njiti na mraba mtupu katikati, Fundi alifundishwa na bwana aliyemfundisha kazi, na yeye naye amemfundisha mtu mmoja tu duniani. Pini angekishona ovyo, pengine mambo yangepita. Tatizo ni kwamba alikishona vizuri.

Jioni ile simu ya Pini ilipotoka kwenye droo ya baba, maana saa za kusoma simu hukaa droo ya baba, ilikuwa na ujumbe mpaka juu.

"Mama kanilazimisha. Anasema fundi ni mmoja tu mji huu. Nimekataa nikaulizwa sababu, sababu sina."

"Nimeshafika. Yupo. Upo?"

"Amenikamata mkono."

"Pini nijibu, nimekufa."

Pini akajibu: "Amekuambia nini ulipotoka?"

"Nirudi keshokutwa. Anasema miguu yangu hailingani."

Pini akakaa kitandani akifikiri. Kushusha pindo la suruali ni kazi ambayo baba yake huifanya mteja akiwa amesimama mlangoni, anamaliza kabla mteja hajamaliza kusimulia habari za nyumbani kwake. Keshokutwa ya nini?

Suruali yenyewe ilikuwa na haraka. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa sherehe ya kumaliza shule, na baada ya sherehe Antena angeondoka kwenda chuo cha ufundi, mji mwingine kabisa. Na kulikuwa na deni la neno. Wiki chache nyuma Antena alimwandikia: "Nakupenda. Si lazima unijibu leo." Pini alisoma ujumbe ule mpaka akaujua kwa moyo, akaandika, akafuta, akaandika tena: "Nitakujibu siku ya sherehe, uso kwa uso." Jibu alikuwa nalo tayari. Alichokuwa hana ni ruhusa. Kila alipomwomba baba yake, Fundi alisema, "Nitafikiri," na katika nyumba ile neno hilo ni hapana inayotafuta viatu ili itoke.

Usiku, wakati wa chakula, Fundi hakusema chochote kuhusu kifungo. Alikula, akanawa, akapongeza mboga. Kisha, akiwa tayari amesimama, akasema hivi hivi tu:

"Viberiti vya siku hizi vinaisha upesi."

Mama, ambaye ni muuguzi na alikuwa amechoka kwa zamu, akauliza viberiti vimefanya nini. Fundi akasema hakuna, amewaza tu. Pini akainamia sahani. Anajua au hajui? Na kama anajua, mbona hafoki?

Keshokutwa Antena akaja. Akaambiwa arudi tena. Akarudi, akaambiwa arudi. Pini alikuwa na mitihani ya masomo ambayo Antena hakuyachukua, na alichelewa kutoka shule siku hizo, kwa hiyo habari alizipata kwa simu, na kila habari ilikuwa ya ajabu kuliko iliyotangulia.

"Leo kapima mabega," Antena akaandika. "Suruali ina mabega?"

"Haina."

"Kapima na kichwa."

"Kichwa cha nini?"

"Nimemuuliza. Kasema kichwa ndicho kinachobeba mwili mzima, fundi mzuri lazima akijue."

Na alikuwa akimhoji. Huamka saa ngapi? Mama yake akimwita huitika mara ya kwanza au mpaka aitwe tena? Akiharibu kifaa cha watu hufanyaje? Akiudhika hunyamaza au hutupa vitu? Antena alijibu yote akiwa juu ya kigoda mikono imenyooshwa, na mtu aliyezungukwa na pini hana ujanja wa kudanganya.

Siku mitihani ilipokwisha, Pini aliwahi nyumbani. Alipokata kona akashangaa. Shingo ya baba yake haikuwa dirishani. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akasogelea pazia kwa vidole vya miguu, akachungulia.

Antena alikuwa amekaa sakafuni, redio ya duka imefunguliwa matumbo mapajani mwake. Redio ile ilikuwa haijasema neno tangu Pini akiwa mdogo. Fundi aliiweka kwa heshima tu. Fundi alikuwa amechuchumaa kando, ameshika taa, akiuliza huu waya unakwenda wapi na huu je. Redio ikakohoa, ikatoa muziki. Na Fundi akacheka. Alicheka na pini mdomoni, kitu ambacho amemkataza kila mtu kukifanya.

Pini alirudi chumbani kwake na hisia mbili zimeshikana mashati. Moja ilikuwa furaha. Ya pili, na hii aliionea aibu, ilikuwa wivu. Yeye na Antena hawajawahi kukaa pamoja hata robo ya muda ule bila kuangalia nyuma. Baba yake ndiye anayemfaidi.

Akamwandikia: "Mnaelewana siku hizi."

Jibu lilikawia. Kisha: "Baba yako ni mtu mzuri, Pini. Ungemwambia."

"Nimwambie nini?"

"Basi tu. Nimesema."

Akausoma ujumbe ule akailaza simu kifudifudi. Antena hakuwa mtu wa kusema basi tu. Kuna kitu kati ya hawa wawili, na yeye ndiye asiyekijua.

Akaenda kwa mama. Mama alikuwa ametoka zamu, ametia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, macho amefumba. Pini akakaa pembeni, akaanza kwa mbali.

"Mama, baba amewahi kuchelewesha nguo ya mtu?"

"Baba yako? Yule hutoa nguo kabla hujajua unaitaka."

"Kuna mtu suruali yake ni pindo tu, na anaitwa kila siku. Amepimwa mpaka kichwa."

Mama akafumbua jicho moja. "Ni mvulana?"

"Ni mteja."

"Mteja mvulana. Amepimwa mabega?"

"Mama umejuaje?"

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika sakafuni, akashika ubavu, akamwomba Pini alete kitambaa cha kufutia. Pini akafuta huku akidai aelezwe. Mama akapangusa macho. Akasema yeye hana la kusema, aende akamuulize mwenye utepe wake.

"Naogopa," Pini akasema.

"Unaogopa nini hasa?"

Pini akafikiri, akaona ni swali gumu kuliko alivyodhani. Baba yake hajawahi kumpiga. Hata kumfokea hafoki sana, huwa tu anakuwa na huzuni na kushona kwa kasi. "Naogopa ataniangalia tofauti," akasema.

Mama hakucheka tena. Alimshika shavu kwa mkono wenye maji, akamwambia aende tu.

Hakwenda. Siku zikasogea mpaka ikafika Ijumaa, sherehe kesho yake, na Antena akaandika kwamba ameambiwa apite asubuhi ya Jumamosi, na kama suruali haitakuwa tayari ataonyesha vifundo vya miguu mbele ya wazazi wote. Ruhusa ya Pini nayo ilikuwa bado inafikiriwa.

Hapo Pini akakata shauri. Fundi alitoka kwenda kununua uzi. Pini akainua pazia, akaingia dukani. Kama suruali haijashonwa ataishona mwenyewe, pindo ni kazi ndogo, na baba akirudi ataikuta imekwisha. Akatafuta kwenye rundo la kazi za wiki, haimo. Akatafuta kabatini, hamna. Akaikuta nyuma ya mlango, imetundikwa, imefunikwa shuka jeupe kama wanavyofunika suti za maharusi.

Akafunua. Pindo lilikuwa limeshushwa, limelazwa kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana kwa nje. Pasi imenyooka. Na juu ya bega la shuka kulikuwa na vumbi jembamba la chaki, lile linalotua dukani taratibu kila siku. Suruali hii ilikuwa imekwisha tangu siku ya kwanza.

"Nimeacha kitambaa cha akiba ndani," sauti ikasema nyuma yake. "Bado atarefuka."

Pini akageuka. Fundi alikuwa mlangoni na kifurushi cha uzi. Hakuwa na pini mdomoni, na bila pini uso wake ulionekana mtupu, wa mtu mwingine kidogo.

"Baba, hii imekwisha."

"Imekwisha."

"Mbona unamwita?"

Fundi akaweka uzi mezani. Akavuta kigoda cha kupimia, akakikalia mwenyewe.

"Kifungo nilikijua pale pale," akasema. "Nilikufundisha ukiwa huwezi hata kutamka neno sindano. Ningekijua gizani."

"Mbona hukuniuliza?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Pini akalirudisha shuka juu ya suruali.

"Mara ya pili tu alipokuja," Fundi akaendelea, "kabla sijamgusa, yule kijana alinyoosha mkono akasema, 'Fundi, juzi nilikudanganya. Kifungo alinishonea binti yako. Mimi nampenda, yeye bado hajanijibu. Kama ni pini, nichome.' Akafumba macho akingoja."

"Alikuambia?"

"Mara ya pili tu. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie. Nilimwambia, tunyamaze, tuone kama na mwenzako atakuja. Nikawa namwita kila siku, nikijua siku moja utakuwepo nyuma ya pazia. Nasema moyoni, leo atatoka. Leo atatoka."

Pini akatazama pazia. Kumbe yule aliyekuwa akitetemeka juu ya kigoda ndiye aliyesimama mbele ya watu, na yeye aliyeona haya ya mapazia ndiye aliyejificha nyuma ya pazia.

"Baba, ningekuambiaje? Wewe ulikuja maktaba ukapima mapazia."

"Yalikuwa mafupi."

"Hayakuwa mafupi."

"Yalikuwa mafupi kidogo." Fundi akajikuna shingo. "Sikiliza. Mimi nakuona ukikata kona, nakuona ukirudi. Nilidhani hapo nimekuona wote. Halafu nakuta mkononi mwa mtoto wa watu kazi nzuri ya binti yangu, na sikujua hata kama ipo. Sikuumia kwa sababu ya kijana. Niliumia kwamba una jambo jema, na mimi si mtu wa kuambiwa."

Pini akapiga magoti pale sakafuni, kwenye vipande vya nguo, akalaza kichwa kwenye goti la baba yake. "Nisamehe, Baba."

"Na mimi nisamehe. Pale dirishani naumwa na shingo."

"Mwambie na habari ya lile gauni."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameshika pazia, bado na sare ya kazi, na jinsi alivyosimama ilionekana amesimama kitambo. Fundi akaanza kukusanya pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

"Gauni gani?" Pini akauliza.

"Nilimpelekea baba yako gauni la kupunguza mkono mmoja," mama akasema. "Mkono mmoja tu. Akanipima mabega. Akanipima kichwa. Akaniambia mikono yangu hailingani. Nikaenda, nikarudi, nikaenda, nikarudi. Mama yangu akasema fundi huyu hajui kazi, mnyang'anye gauni. Nikaja kulinyang'anya, nikalikuta nyuma ya mlango limekwisha zamani, limefunikwa shuka."

"Nilitaka kukujua," Fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa kunipima kichwa?"

"Ningekuuliza maswali nikiwa sina utepe mkononi, ungenijibu?"

Mama akamtazama mumewe mtazamo ambao Pini hakuwa ameuona siku nyingi, kisha akamwambia binti yake: "Katika maisha yake amechelewesha nguo mbili tu. Kwa hiyo usihangaike sana na huyo kijana wako. Ameshapita."

"Hajapita," Fundi akasema haraka. "Ana umri mdogo, na wewe una umri mdogo, na masomo yapo. Nimesema bado atarefuka. Lakini sherehe nenda. Mimi sitakuja, nakuahidi. Mama yako atakufuata ikiisha. Ila jambo moja, Pini. Mimi sitaki kumjua mtu wako kutoka nyuma ya pazia. Ukiwa tayari, niletee wewe mwenyewe, mbele za watu."

Jumamosi Antena akaja asubuhi, akakabidhiwa suruali, akaivaa, ikamfika viatuni barabara. Pini alikuwa chumbani akisukwa nywele na mama. Alimsikia akishukuru, akasikia redio ikiimba, lakini hakutoka. Alitaka wakutane mbele za watu, kama baba alivyosema.

Ukumbi wa shule ulijaa mapema. Meza zilipambwa karatasi za rangi, walimu walivaa nguo ambazo wanafunzi hawakuwahi kuziona. Antena alikuwa kwenye vipaza sauti, anajaribu, moja, mbili, moja, mbili. Alipomwona Pini mlangoni alisahau inayofuata mbili. Gauni lilikuwa rahisi tu, la rangi ya bluu, mkono mmoja ukionyesha alama ya zamani mahali ulipopunguzwa. Mama alilitoa sandukuni asubuhi ile bila kusema neno.

Antena akamfuata. Wakasimama karibu na meza ya maji, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

"Alikuambia?" akauliza Antena.

"Aliniambia. Ulinificha."

"Nilikuwa nimezungukwa na pini." Kisha uso wote ukaacha utani, akaweka bilauri chini. "Leo ndiyo siku yenyewe, Pini. Uliahidi. Hata kama ni hapana, niambie, nisiende chuoni na swali."

Pini akavuta pumzi. Maneno yalikuwa tayari kabisa. Akainua macho amtazame, na pale juu ya bega la Antena, upande wa pili wa ukumbi, akaona kitu.

Mwanamume mmoja, mgongo umegeukia watu, amepanda juu ya kiti. Utepe wa kupimia mkononi. Anapima pazia.

Mama alikuwa chini ameshika ncha ya utepe, uso ameufunika kwa mkono mwingine. Mwalimu mkuu alikuwa tayari amesogea anauliza kitu, na Fundi alikuwa akieleza, akielekeza juu, chini, juu.

Siku nyingine yoyote Pini angejificha nyuma ya meza. Haya ikampanda mpaka masikioni vile vile kama kule maktaba, akatamani sakafu ifunguke. Halafu akamwona baba yake akigeuka kidogo, akichungulia ukumbi kwa kona ya jicho, akimtafuta. Hakuwa anachunga. Alikuwa na hofu tu, hofu ya mtu aliyevunja ahadi kwa sababu alishindwa kukaa nyumbani.

"Twende," Pini akasema, akamshika Antena mkono wenye kifungo.

"Wapi?"

"Twende tu."

Wakakatisha ukumbi katikati, darasa zima likitazama, na safari hii kila mtu aliona. Walipofika chini ya kiti, Fundi aliganda na utepe hewani, pini midomoni. Alikuwa amekuja na pini. Sijui alipanga kuzifanyia nini.

"Baba," Pini akasema. "Huyu anaitwa Antena. Nilisoma naye. Ndiye niliyemshonea kifungo. Nampenda."

Mkono wa Antena ukawa wa moto ndani ya wake. Jibu alilolingoja wiki zote zile alikuwa amelisikia, likiwa halikuelekezwa kwake. Akamtazama Pini, akasahau kupepesa.

Fundi akateremka kitini. Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya koti lake. Alipomaliza alikuwa na macho yenye maji, lakini uso aliukaza kama anavyoukaza kwa mteja mgeni.

"Shikamoo, Fundi," Antena akasema.

"Marahaba. Hatujawahi kuonana, sivyo?"

Antena akamtazama Pini, akamtazama mama, akamtazama Fundi. "Hapana, Fundi. Ndiyo mara ya kwanza."

"Vizuri. Nimefurahi kuletewa na binti yangu." Akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kidole gumba kikapita juu ya kifungo. Kisha akamkabidhi ncha ya utepe. "Wewe ni mrefu. Panda hapo unishikie. Mwalimu mkuu ameshakubali, na haya mapazia kweli ni mafupi."

Pini akatazama juu. Safari hii, jamani, yalikuwa mafupi kweli.